Muuguzi wa simu: jinsi ya kumpima na kumhudumia mgonjwa usiyemwona

Wauguzi wengi wanaoulizia kazi hii huanza na kompyuta: wanunue mashine gani, wasome kozi ipi ya mtandaoni. Hayo yana nafasi yake, lakini ni ya mwisho. Muuguzi anayempima mgonjwa kwa simu anaamua mambo mawili: mgonjwa huyu aonwe haraka kiasi gani, na aonwe wapi. Hatafuti jina la ugonjwa. Ukianza kujiuliza kama ni malaria au taifodi wakati mtoto anahema upesi upande wa pili wa laini, unapoteza dakika ambazo mtoto huyo anazihitaji barabarani.

Ndiyo maana kabla ya simu unapaswa kupita wodini. Tunashauri miaka miwili hadi mitatu ya kugusa wagonjwa kwa mikono yako, na si idara yoyote tu. Tafuta dharura au OPD (idara ya wagonjwa wa nje) yenye foleni, kisha wodi ya watoto, kisha wodi ya wazazi. Kwenye simu unajenga picha ya mgonjwa kwa sauti na maneno, na picha hiyo hutokana na wagonjwa uliokwisha kuwaona. Asiyewahi kumsikia mtoto anayeguna kila anapotoa pumzi kwa sababu ya nimonia, hataitambua sauti hiyo ikisikika nyuma ya maneno ya mama.

Kwa upande wa vyeti, Tanzania stashahada ya uuguzi na ukunga inakutosha kuanzia, mradi umesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na leseni yako iko hai. Kenya utaratibu huo uko chini ya Baraza la Wauguzi la nchi hiyo. Leseni ikiisha muda, kukaa nyumbani na hedseti hakukupi msamaha wowote.

Sasa simu yenyewe. Laini inaweza kukatika wakati wowote: salio limekwisha, chaji imekwisha, mtandao umepotea. Kwa hiyo kabla mpigaji hajaanza maelezo marefu, chukua namba ya kumpigia, jina, umri wa mgonjwa na mahali alipo. "Niko Mbagala" si mahali. Unataka mtaa na kitu ambacho dereva atakiona: msikiti gani, kituo gani cha daladala, duka gani la dawa. Mara tu baada ya hapo uliza maswali matatu: ukimwita anaitika? Anapumuaje? Anatoka damu? Jibu likiwa baya katika lolote kati ya hayo, acha mengine yote ushughulikie usafiri. Tanzania, mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga mwenye dharura ana namba 115 ya mfumo wa m-mama, ambayo haina malipo. Anayepokea huuliza maswali yaliyopangwa, kisha hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Namba kama hizo ziwe zimebandikwa mbele yako, pamoja na za vituo vya afya na hospitali za eneo unalohudumia.

Salamu usiiruke. Shikamoo moja kwa mzee inachukua sekunde mbili, na mzee aliyeamkiwa vizuri husema mambo ambayo angeyameza. Kisha kumbuka kwamba anayepiga mara nyingi si mgonjwa. Ni mke, ni kijana wa jirani, ni mjukuu. Omba mgonjwa mwenyewe apewe simu hata kwa nusu dakika. Mtu mzima anayekata sentensi kila baada ya maneno mawili matatu ili avute hewa amekwisha kukujibu, hata kama anasisitiza kwamba haumwi sana.

Kwa mtoto, pumzi ndiyo kipimo kikubwa ulicho nacho, na inapimika kwa simu ukimwelekeza mama vizuri. Asubiri mtoto atulie. Akiwa analia au ananyonya, hesabu haina maana. Ampandishe nguo hadi kifua na tumbo vionekane, na simu aiweke kwenye spika pembeni. Kila kifua kinapopanda aseme "ee". Saa unashika wewe, na unahesabu sekunde 60 kamili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu mtoto mdogo hupumua mbiombio kidogo, akapunguza, akaongeza tena, na kipande kifupi hudanganya. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi, lakini rudia hesabu mara ya pili kabla ya kuamini. Kwa wa miezi 2 hadi 11 mpaka ni 50, na kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 ni 40. Mama akimaliza kuhesabu, muulize kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea kuingia ndani mtoto anapovuta hewa.

Dalili za hatari kwa mtoto wa chini ya miaka 5 zikariri hadi uziulize bila kutazama karatasi: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea sana au haamki. Moja tu inatosha kumpeleka kituoni sasa hivi. Na mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa hasubirishwi nyumbani kwa parasetamoli, hata kama mama anasema ananyonya vizuri.

Jinsi unavyouliza kuna uzito kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Ukisema "kichwa hakimuumi, sivyo?", utajibiwa "ndiyo, nesi", kwa heshima tu. Uliza swali lisiloonyesha jibu unalolitaka. Mtu akisema anaumwa kifua, anaweza kuwa na kikohozi, pumu, kiungulia au moyo. Mwambie aweke mkono panapouma kisha akueleze ameuweka wapi. Maumivu yanayobana katikati ya kifua, yanayopanda kwenye taya au kushuka mkononi, pamoja na jasho jembamba, ni dharura. Mtu akisema mtoto "alishtuka", huenda ilikuwa degedege: uliza kama macho yaligeuka, kama mwili ulikakamaa, na kama baada ya hapo alimtambua mama yake. Dawa usikubali zitajwe kwa rangi. Mwombe akuletee pakiti karibu na simu akusomee herufi moja moja.

Kwa dozi ya mtoto unahitaji uzito, na uzito uko kwenye kadi ya kliniki. Parasetamoli kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 basi anapata miligramu 100 hadi 150, na kama dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, hizo ni mililita 4 hadi 6. Kosa linalojirudia hapa ni kijiko cha jikoni, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Aseme anapimia nini: sindano isiyo na ncha au kikombe kilichokuja na chupa. ORS, ile chumvi ya kukoroga kwa mtoto anayeharisha, nayo hukosewa kwa namna ileile. Pakiti moja ya kawaida ni ya lita moja nzima ya maji safi, lakini wapo wanaoikoroga katika kikombe kimoja ili "ipate nguvu", na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Uliza chombo alichotumia kina ujazo gani.

Wagonjwa wa presha, kisukari na moyo ndio watakaokuchukulia muda mwingi ukifanya kazi ya kuwafuatilia nyumbani. Namba wanazokutumia zina thamani pale tu vipimo vimepimwa ipasavyo. Kwa presha, mgonjwa akae dakika 5 ameegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishanishwa, mkono uko usawa wa moyo, mkanda uko juu ya ngozi na si juu ya shati, na hajanywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Apime mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi na jioni, kwa siku 7. Vipimo vya siku ya kwanza viache, kisha tafuta wastani wa vilivyobaki. Nyumbani, wastani wa 135/85 ndio mpaka unaolingana na 140/90 ya kliniki. Mjamzito ni habari nyingine: 140/90 ni ya kuonwa siku hiyohiyo, na 160/110, au kichwa kinachouma sana pamoja na kuona maruweruwe, ni ya gari sasa hivi.

Kipima oksijeni cha kidoleni hudanganya kwa njia nyingi. Vidole vya baridi, mkono unaotikisika, rangi ya kucha, na kwa kina mama wa pwani, piko na hina nzito. Mwambie atumie kidole kisicho na rangi, apashe mkono joto, akae dakika moja bila kusogea, na asome namba iliyotulia. Vifaa hivi pia huelekea kusoma juu kidogo kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo asilimia 93 ya mtu anayehema kwa taabu usiichukulie kuwa nafuu. Chini ya 90 ni dharura bila mjadala.

Kwa mgonjwa wa moyo uliodhoofika, mzani wa bafuni una kazi kubwa: apime kila asubuhi baada ya haja ndogo na kabla ya chai. Kuongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji yanayojikusanya mwilini, na daktari wake ajulishwe siku hiyo. Kwa mwenye kisukari, sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L na bado anameza, apewe gramu 15 za sukari katika maji, karibu vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, apime tena baada ya dakika 15. Asiyeitika asinyweshwe kitu.

Mahali pazuri pa kazi watakupa mwongozo wa maswali kwa kila tatizo. Ufuate hata ukihisi umeshajua jibu. Unaweza kupandisha daraja la uharaka, pale mwongozo unaposema "kesho" na sikio lako linasema "leo". Kushusha usifanye peke yako. Mpigie daktari wa zamu. Wauguzi wazoefu ndio wanaonaswa hapa, hasa saa za mwisho za zamu, kwa kuwa wameshasikia homa nyingi ambazo hazikuwa na kitu. Ukimpigia daktari, mpe kwa mpangilio: kinachotokea sasa, historia fupi, ulichopima, na unachoomba afanye.

Kumaliza simu kuna hatua zake. Mwombe mpigaji akurudishie maelekezo kwa maneno yake. Muulize atafikaje, nani anabaki na watoto, na kama nauli ipo, maana rufaa isiyo na nauli haijatolewa. "Ukiona hali inabadilika, piga" ni maelekezo hewa. Sema dalili na saa: akitapika tena mara mbili, au ikifika saa mbili usiku hajakojoa, mpeleke kituoni bila kunisubiri. Kisha andika palepale, si mwisho wa zamu: saa, aliyezungumza, maneno yake kama alivyoyasema, dalili ulizouliza na hazikuwepo, ushauri uliotoa, na kama aliukubali.

Siri ya mgonjwa inavuja kirahisi kwenye simu kuliko wodini. Anza kwa kuuliza nani yuko karibu naye. Mwanamke anayejibu kwa kigugumizi huenda ana mtu pembeni; badili maswali yawe ya "ndiyo" na "hapana", au panga kumpigia wakati mwingine. Ukipiga wewe na akapokea mtu mwingine, usitaje idara wala kipimo. Picha ya kidonda au upele ipigwe mchana karibu na dirisha, moja kwa mbali na moja kwa karibu, kizibo cha soda kikiwa pembeni kuonyesha ukubwa, bila sura. Isipitie WhatsApp yako binafsi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022, na zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Vifaa ni vichache: chumba chenye mlango unaofungwa, hedseti yenye maiki nzuri, laini mbili za intaneti kutoka kampuni tofauti, na UPS, yaani betri ya akiba, ya kubeba ruta na kompyuta umeme ukikatika. Jifunze kuchapa bila kutazama herufi, kwani usaili mwingi una simu ya majaribio na watakuangalia kama unasikiliza huku unaandika.

Kuhusu ajira, tafuta kwanza karibu: vituo vya simu vya wizara, hospitali binafsi, kampuni za bima, miradi ya akina mama na kisukari. Usiache mikono yako ya wodini kabisa, maana huduma za simu nazo hufungwa. Huduma ya Babyl ya Rwanda, iliyoanza mwaka 2016 na kuwategemea wauguzi kupokea wagonjwa kwa simu, ilifungwa mwaka 2023. Walioko Marekani wajue kwamba leseni inayohesabika ni ya jimbo alipo mgonjwa wakati wa simu. Zaidi ya majimbo 40 yameingia katika mkataba wa leseni moja, inayotambuliwa katika majimbo yote ya mkataba. Hadi mwaka 2025 California na New York hayakuwemo. Kwa hiyo tangazo linalomwahidi muuguzi aliyeko Mwanza au Kisumu kuwahudumia Wamarekani bila leseni ya huko, tena kwa kulipia "ada ya usajili" kwanza, ni la wezi.

Ukipewa mkataba, uliza kabla ya kusaini: simu ngapi kwa saa, daktari gani anapatikana usiku na kwa namba ipi, nani ana bima ya madai mgonjwa akidhurika, na simu zinazorekodiwa zinatunzwa wapi. Mwajiri asiyeweza kukutajia daktari wa usiku, usisaini naye.