Jibu: Mdogo wako kushikiliwa kituoni tangu Jumamosi

Mkuu, pole sana. Umeuliza kama ni halali mdogo wako, bodaboda wa Nkuhungu, Dodoma, kulala mahabusu tangu Jumamosi kwa kosa la barabarani huku ukidaiwa laki moja ya dhamana. Leo Jumatatu jioni, si halali hata kidogo. Ibara ya 15 ya Katiba ya 1977 inakataza mtu kunyimwa uhuru nje ya utaratibu wa sheria, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataja saa 24: ikishindikana kumfikisha mahakamani na kosa si zito, apewe dhamana. Mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha ni habari nyingine.

Dhamana ya polisi ni bure. Usitoe hata shilingi! Mtafute mdhamini mwenye kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa, kisha mwone mkuu wa kituo. Muulize kwa heshima kosa ni lipi na kijana aliingizwa saa ngapi. Nilipomfuatilia mjomba wangu, swali hilo la saa ndilo lililowafanya wainuke. Wakikataa, nenda kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Na mdogo wako asisaini maelezo ambayo hajayasoma.