Bluu ya kadi imetoka zambarau

Ndugu, kadi zako za harusi zimetoka zambarau badala ya bluu kwa sababu faili lilikwenda likiwa RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini. Mashine inachapa kwa wino wa rangi nne, CMYK, na ile bluu kali ya kwenye simu wino huo hauifikii. Badilisha faili liwe CMYK wewe mwenyewe, uone rangi inavyopoa, kisha punguza majenta (wino wa waridi iliyokolea): siani (wino wa samawati) asilimia 100 na majenta asilimia 100 huvuta kwenye zambarau, majenta ikishuka hadi 60 hivi bluu inarudi.

Maandishi madogo meusi yawe wino mweusi peke yake. Ukichanganya rangi zote nne, karatasi ikisogea kidogo tu herufi zinaota kivuli.

Picha ziwe pikseli 300 kwa inchi katika ukubwa halisi wa kadi (iliyopitia WhatsApp isahau). Rangi ya nyuma ipitilize mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, fonti (aina za herufi) zigeuze ziwe maumbo, hifadhi PDF. Na safari hii dai kopi moja ya majaribio kabla hawajachapa zote.