Washa Taa Uhudumiwe

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: "Ni mahali gani pa kula pa zamani ungetamani parudi, na kwa nini?" Jibu langu liko mbali na kwetu. Natamani zirudi draivini za baga za Marekani, zile ambazo mteja aliegesha gari uwanjani, akabaki ameketi ndani yake, na chakula kikamfuata kwenye sinia lililoning'inizwa dirishani.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na nimeishi Kent, kusini mwa Seattle, tangu 2009. Draivini zilipokuwa na nguvu, wazazi wangu wenyewe walikuwa watoto wadogo. Mapenzi haya nimeyapata kwa mtu. Kazi iliyonipokea huku, kama ilivyowapokea wengi wetu kutoka Afrika Mashariki, ni kutunza wazee, na mwaka 2014 nilipewa mama mmoja wa Kizungu wa miaka 76. Nilimwita Bibi. Siku ya kwanza nilimweleza kwamba kwetu mtu wa umri wake haitwi kwa jina lake tu, na tangu hapo kila daktari na kila mjukuu aliyeingia aliambiwa, "Huyu ananiita Bibi," naye akisema hivyo uso ukimng'aa.

Bibi alianza kazi draivini kiangazi cha 1955, akiwa na miaka 17, katika mji mdogo wa mashariki mwa jimbo la Washington, kule kwenye mashamba ya matufaha. Mahali penyewe pamekwisha kuvunjwa. Alisema pamejengwa duka la matairi. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mguu wa kulia, lakini mikono ilikuwa mizima, na alasiri moja aliniomba nimletee sinia la chai ili anionyeshe kazi ilivyofanywa.

Sinia la draivini, alinieleza, lilikuwa na kulabu mbili za kushika kioo cha gari na mguu mmoja wenye mpira wa kuegemea mlango, usikwaruze rangi. Kwa hiyo kioo kilipaswa kuachwa kimepanda kidogo, upana wa kiganja. Kikiteremshwa chote, kulabu hazina pa kushika. Kikipanda mno, baga haipiti. Mteja mgeni alijulikana hapo hapo kwa kioo chake. Rutibia, ile soda yao nyeusi yenye ladha ya mizizi, ililetwa kwenye bilauri nzito za kioo zilizotoka kwenye friza zikiwa zimeganda weupe nje, na ukibeba sita kwa pamoja viganja vinakufa ganzi. Nilimuuliza kuhusu viatu vya magurudumu, kwa kuwa picha zote nilizoziona zina wasichana wanaoteleza. Akasema uwanja wao ulikuwa wa changarawe, na aliyejaribu kuteleza juu ya changarawe na bilauri sita angezilipia bilauri zote. Walivaa raba nyeupe, wakazipaka chokaa kila Jumamosi.

Juu ya ukuta kulikuwa na kibao: Washa taa uhudumiwe. Mteja hakupiga honi, maana honi ilikuwa utovu wa adabu na majirani walilalamika. Aliwasha taa za mbele, msichana akatoka. Akimaliza kula aliwasha tena, sinia likaja kuondolewa. Bibi alidai kwamba baada ya mwezi mmoja aliwajua watu kwa namna walivyowasha taa: nani ana haraka, nani ameleta mchumba, nani hana pesa za bahashishi. Bahashishi hizo ndizo zilizokuwa sehemu kubwa ya kipato chake.

Nikimsikiliza nilijiona niko Lighthouse. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine: ni pale ukingoni mwa kisiwa, mkabala na mlango wa bahari, ambapo meli zinazoingia Kilindini hupita karibu kiasi cha kuwapungia mabaharia mkono. Jumapili jioni baba aliazima Peugeot 504 ya mjomba, tukajibana watoto watano kiti cha nyuma, tukaenda kuegesha tukitazama maji. Muuza mihogo alikuja dirishani. Mhogo wa kukaanga ulipasuliwa, ukatiwa chumvi, pilipili na ndimu, ukafungwa kwenye gazeti. Madafu yakafuata, na muuzaji alisubiri tumalize maji ayapasue tule ile nyama laini ya ndani. Mama alikwenda na leso zake za nyumbani. Hakuwa na haja ya nguo ya kutokea, kwa sababu hakuna aliyeshuka garini.

Hapo ndipo penye jibu la ile "kwa nini" yenu. Mkahawa wa ndani una masharti mengi ambayo asiyeguswa nayo hayaoni. Lazima uwe umevaa vizuri. Lazima mtoto anyamaze. Lazima miguu yako iweze ngazi, na mkono wako usitetemeke mbele za watu. Draivini iliyaondoa yote hayo. Mama mwenye kichanga, fundi mwenye grisi hadi viwiko, mzee asiyeweza kushuka, kila mmoja alikaa katika chumba chake kidogo chenye magurudumu, na hata hivyo alikuwa ametoka nyumbani, yuko miongoni mwa watu, anaona magari mengine, anasalimiana na jirani kupitia dirisha. Bibi aliniambia kwamba jirani yao mmoja aliyerudi kutoka vita vya Korea bila miguu alikuwa haonekani popote mjini isipokuwa pale, kila Ijumaa, kaka yake akiendesha.

Draivini ya kwanza inayotajwa sana ilikuwa Pig Stand, iliyofunguliwa na Jesse Kirby na Reuben Jackson kando ya barabara kuu mjini Dallas, Texas, mwaka 1921. Waliuza mkate wa nyama ya nguruwe. Baga ilikuja kutawala baadaye. Vijana wa kiume walilikimbilia gari kabla halijasimama, wakarukia kile kibao cha kukanyagia ubavuni, na ndiyo maana mhudumu akaitwa karihopu, mrukia gari. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, magari yalipozagaa, hakukuwa na mji usio na draivini, na wasichana walikuwa wameshachukua nafasi ya wale vijana.

Kilichoanza kuzimaliza kinajulikana hadi mwaka wake. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na draivini yao San Bernardino, California, tangu 1940, ikijaa watu kila jioni. Lakini vyombo vilivunjwa na kuibwa, vijana walishinda uwanjani wakiwatongoza wasichana wa kazi bila kununua kitu, na hesabu zilionyesha kwamba faida karibu yote ilitoka kwenye baga. Mwaka 1948 walifunga kwa miezi kadhaa, wakawaachisha kazi karihopu wote, wakaondoa sahani na uma, wakapunguza orodha ya vyakula hadi aina tisa, na wakafungua upya wakiuza baga kwa senti 15 kwenye dirisha la kusimama. Mwaka huohuo, Baldwin Park, California hiyohiyo, Harry Snyder wa mkahawa wa baga wa In-N-Out aliweka kipaza sauti ambacho mteja aliagizia akiwa garini, akasogea mbele, akachukua, akaenda zake. Ardhi za mijini zikapanda bei. Uwanja uliojaa magari yaliyosimama saa nzima ukawa hasara. Mwaka 1956 serikali ikapitisha sheria ya barabara kuu mpya za majimbo yote, na miji midogo mingi ikapitwa pembeni.

Siwalaumu ndugu McDonald. Aliyelipa senti 15 badala ya 30 aliweza kulisha watoto wawili badala ya mmoja, na hilo ni jambo kubwa. Ila walipoondoa msichana na sinia waliondoa pia ruhusa ya kusimama. Dirisha la kupitia linakutaka usogee. Nyuma yako kuna gari, na nyuma ya hilo lingine, na chakula unakila ukiwa taa nyekundu, peke yako, mkono mmoja kwenye usukani.

Kuna jambo sitaki kulipita. Mimi ni Mwafrika, na siku moja nilimuuliza Bibi kama watu weusi walikuja kula kwao. Alinyamaza kwa muda mrefu, akikunja na kukunjua ncha ya blanketi lake. "Hawakuja," akasema. "Na mimi sikujiuliza kwa nini hawaji." Hakuongeza neno, wala sikumtaka aongeze.

Kusini mwa nchi hii jibu lilikuwa wazi zaidi. Mwaka 1964, Sheria ya Haki za Kiraia ilipokuwa mbichi kabisa, Anne Newman alikwenda kwenye draivini ya Piggie Park mjini Columbia, South Carolina, akakataliwa huduma kwa sababu ya rangi yake. Alikwenda mahakamani. Jaji wa kwanza alisema sheria hiyo haizihusu draivini, kwa kuwa wateja wengi hawali chakula hapo hapo. Fikiria hilo: gari, lile lililomkinga mtu na macho ya mkahawa, likatumiwa kumnyima haki ya kuhudumiwa. Mahakama ya rufani ilitengua uamuzi huo, na mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwamba anayeshinda kesi ya namna hii kwa kawaida alipwe gharama za wakili wake na yule aliyembagua. Kesi hiyo bado inatajwa mahakamani leo. Kwa hiyo ninaposema natamani draivini zirudi, sisemi zirudi zilivyokuwa. Nataka zirudi na mlango ambao Anne Newman aliupigania.

Na zinaweza kurudi. Sonic ya Oklahoma, iliyoanzishwa na Troy Smith katika miaka ya 1950, bado ina wahudumu wanaotembea hadi kwenye gari, na nikiiona hufurahi hata kama sina njaa. Mwaka 2020, kumbi za ndani zilipofungwa kwa sababu ya korona, nilipita kwenye maegesho ya Kent nikaona familia zimekaa ndani ya magari, milango ya nyuma wazi, watoto wakila chipsi huku wakiwapungia watoto wa gari la pili. Hakuna aliyewafundisha.

Bibi alifariki mwaka 2017. Miaka mitatu kabla, jioni moja ya Agosti, nilimwinua kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, nikamweka kiti cha mbele cha gari langu, tukaenda hadi Wallingford, kaskazini mwa Seattle, kwenye tawi la kwanza la Dick's, mikahawa ya baga ya Seattle. Dick Spady na wenzake waliifungua Januari 28, 1954, baga ikiwa senti 19, na pale ilipo ndipo ilipokuwa. Haijawahi kuwa ya sinia na karihopu. Mteja hupanga foleni dirishani, na baga huliwa ilivyotengenezwa, hakuna cha kuomba hiki kitolewe au kile kiongezwe. Hata Bill Gates alipigwa picha akiwa kwenye foleni ya Dick's mwaka 2019, mikono mfukoni, akingoja zamu yake kama mtu yeyote. Lakini uwanja upo. Watu wanaegesha, wanarudi na mifuko yao, wanakula wakitazama lile jengo dogo lenye mwanga.

Nilizima injini. Jua lilikuwa limeshazama na kando yetu kulikuwa na lori la mafundi wa paa, watatu kiti cha mbele, wakila bila kusema.

"Washa taa," Bibi akasema.

Nikamwambia hapa hakuna wa kuja.

"Washa."

Nikawasha. Tukakaa hivyo, taa zimepiga ukutani, yeye akitazama mbele na mikono juu ya mapaja. Mafundi wa lori walitugeukia, kisha wakaendelea kula. Nikafungua mlango wangu, nikazunguka mbele ya gari, katikati ya ule mwanga, nikaenda nikasimama kwenye dirisha lake, nikasema, "Karibu sana. Nikuletee nini?"

Alinitazama vizuri. Akaagiza baga moja ya Deluxe, chipsi, na milkisheki ya chokoleti, akaitamka polepole kama anayejua kwamba msichana anaandika. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi na mfuko wa karatasi mkononi, nikamkuta amekwisha kupandisha kioo, akakiacha upana wa kiganja.