Meno Mazima, Tairi Limekufa: Maswali Yenu juu ya Magari-Nyumba ya Zamani

Tangu kiangazi kianze, barua zinazonijia ni za gari-nyumba: yale magari yenye kitanda, jiko na pengine choo ndani. Hapa Lubumbashi sasa yapo kadhaa. Moja limegeuzwa restoranti, lingine ni nyumba ya mlinzi, na machache bado yanasafiri. Karibu yote ni ya zamani, na karibu kila anayeniandikia ananitajia kwanza meno ya tairi. Tuone.

Papa Fundi, jambo. Shemeji yangu aliniachia Fiat Ducato ya 1993 yenye vitanda vinne. Imekaa miaka sita nje ya nyumba hapa Kampemba. Meno ya matairi ni kama mapya. Nataka kuwapeleka watoto Kundelungu wakaone maporomoko ya Lofoi. Niondoke? (Baba wa wanne)

Usiondoke, Baba wa wanne. Kwanza lala chini ya gari na tochi.

Teksi ya mjini humaliza meno kabla mpira haujazeeka. Gari-nyumba ni kinyume: linakaa miezi, linatembea wiki mbili, linakaa tena. Kiwandani mpira huchanganywa na nta inayoulinda dhidi ya hewa na jua. Tairi likizunguka na kujikunja, nta hiyo hupanda juu ya ngozi yake. Lisipozunguka, haipandi, na ngozi inakauka. Tena gari-nyumba halipumziki hata likiwa limeegeshwa: kitanda, friji, makabati, vyote vinakandamiza sehemu ileile ya tairi usiku na mchana. Na jua letu la Septemba mnalijua.

Tafuta ubavuni herufi DOT. Mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Usiulize zaidi, litoe. Mara nyingi tarehe iko upande mmoja tu, na fundi akilifunga vibaya huwa upande wa ndani, ndiyo sababu nimekutuma chini ya gari. Tairi likifika miaka mitano, likaguliwe kila mwaka gurudumu likiwa limefunguliwa. Likifika kumi, liage, hata kama meno yanacheka. Na kabla ya hapo, nyufa zikiingiza ukucha, au ubavu ukiota uvimbe, safari imeahirishwa. Usisahau la akiba: hilo ndilo huwa kongwe kuliko yote.

Usinione mjuaji. Niliwahi kununua matairi manne "mapya kabisa", yamefungwa nailoni, yananukia duka. Nililipa, nikayapakia, nikafika nyumbani ndipo nikasoma DOT: yalikuwa na miaka saba. Muuzaji hakudanganya, hayakuwahi kutembea. Siku hizi nasoma kwanza, natoa pesa baadaye.

Mimi nauza bukari (ugali) na samaki kwenye gari-nyumba, komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Tairi mbili zimeisha. Kwado wa kona yetu, yule mziba matairi, anasema za taksi za janti (chuma cha gurudumu) ya inchi 14 zinaingia, na bei ni nusu. Kweli? (Mama wa bukari)

Kuingia zitaingia, Mama. Kubeba ndiyo shida.

Baada ya kipimo cha tairi kuna namba ndogo ambayo wengi hawaisomi: namba ya mzigo. Tairi la gari dogo, 185/65 R14, mara nyingi lina 86, yaani kilo 530. Manne yanabeba kilo 2120 kwa jumla. Tairi la kamioneti la janti hiyohiyo, 185 R14 C, lina 102, yaani kilo 850. Manne ni 3400. Sasa hesabu gari lako: lenyewe, halafu tangi la lita 100 za maji ambalo ni kilo 100 kamili, chupa za gesi, magunia ya unga, friji ya samaki, na wewe na wasaidizi wako. Za taksi zimeshindwa kabla hujawasha moto.

Kwa hiyo tafuta herufi C. Kuna na zenye herufi CP, zilizotengenezwa kwa ajili ya gari-nyumba hasa. Ubavu wake ni mgumu zaidi na zinakubali upepo mwingi. Ukizipata kwa bei ya kulipika, chukua. Usipozipata, C yenye namba ya kutosha itakufaa, na nusu bei ya kwado mwachie mwenye teksi.

Jambo moja zaidi: nenda kwenye mizani ya malori ukiwa umepakia kama siku ya kazi. Pima ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Mafundi waliogeuza magari haya walipanga jiko, maji na gesi palipopatikana nafasi, na nimeona gari ambalo ekseli ya nyuma ilibeba karibu theluthi mbili za mzigo. Gawanya uzito wa ekseli kwa mbili, halafu ongeza kidogo kwa upande wenye jiko. Hiyo ndiyo namba ambayo tairi lako lazima liizidi.

Asubuhi natoka Lubumbashi na upepo wa bar 4.5 kwenye matairi ya nyuma. Nikifika Likasi kipimo kinasoma karibu 5. Napunguza, lakini kesho yake matairi yamelegea. Nani ananiroga? (Dereva wa barabara ya Likasi)

Hakuna anayekuroga, kaka, unajiroga mwenyewe kwa kupunguza.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya kutembea au baada ya saa tatu za kupumzika. Katika kilomita 120 hizo tairi linajikunja maelfu ya mara, linapata joto, na hewa ya ndani inatanuka. Kupanda nusu bar ni kawaida, na mtengenezaji amekwisha kuihesabu. Ukiitoa, usiku wa Julai ukishuka chini ya nyuzijoto 10 unabaki na tairi lenye njaa. Siku inayofuata linajikunja kupita kiasi, linachemka, na nyuzi za ndani zinaachana. Matairi mengi yaliyopasuka niliyoyafungua yalikuwa yametembea na upepo mdogo: ndani utakuta unga mweusi wa mpira uliojisaga.

Ila ukiona moja limepanda sana kuliko mwenzake wa ekseli ileile, simama. Hilo lina upepo mdogo, mzigo mkubwa, au breki imeshika.

Nunua kipimo chako mwenyewe. Vile vya kompresa za barabarani vimeanguka chini mara nyingi kuliko mnavyodhani. Kwa wenye vipimo vya psi, bar 4.5 ni 65. Nayo namba hiyo ina habari yake: valvu za kawaida za mpira zinaishia hapohapo. Gari linalotaka bar 5 au 5.5 nyuma lifungwe valvu za chuma. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na fundi hatakukumbusha.

Nina pesa ya tairi mbili tu. Mpya ziende mbele? (Kijana wa Katuba)

Nyuma. Wengi watakubishia kwa sababu usukani uko mbele. Lakini mbele ikiteleza kwenye mvua utaihisi mikononi na utapunguza mwendo; nyuma ikiteleza, gari refu lile linageuka kabla hujajua. Na mbili hizo ziwe ndugu: kipimo kimoja, aina moja, ekseli moja.

Tuko Goma. Mercedes 508 D yetu ya zamani ina tairi mbilimbili nyuma, tumeifanya zahanati ya kutembea. Mawe ya volkano yanatumaliza. (Muuguzi)

Pole, dada. Mji wenu umejengwa juu ya lava ya Nyiragongo. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na ya Mei 2021 ikaongeza yake upande wa kaskazini. Jiwe lile likivunjika linakata kama chupa.

Adui wenu mkubwa ni jiwe linalokwama kati ya tairi pacha. Linasaga mbavu mbili kwa wakati mmoja, na halionekani. Kila mkisimama, mtu ainame na fimbo na tochi, alitoe. Pili, pimeni upepo wa tairi la ndani kila wiki. Fungeni kirefusho cha valvu ili msiwe na kisingizio. La ndani likiisha upepo, la nje hubeba mzigo wa wawili kimyakimya mpaka lipasuke. Pacha pia ziwe na urefu sawa: ukifunga jipya pamoja na kipara, jipya linabeba na kipara kinaburuzwa. Mkinunua, kwenye namba kama 112/110 ninyi someni ya pili, ndiyo ya tairi mbilimbili.

Tundu katikati ya meno, lisilozidi milimita 6, linazibwa kwa kiraka cha ndani. Ubavu uliokatwa hauzibwi, hata kwado akiapa kwa mama yake. Na janti zenu zikiwa za vipande, zile zenye pete, asizijaze mtu bila kizimba cha chuma. Pete ile ikiruka inaua.

Nitaegesha gari mpaka mvua za Aprili ziishe. Kijana wangu anapaka matairi mafuta ya vidanji (yale machafu yaliyotolewa kwenye injini) yang'ae. Ni vizuri? (Mzee wa Ruashi)

Mnyang'anye hicho kitambaa, Mzee. Mafuta ya injini hulainisha na kuuvimbisha mpira. Maji na sabuni vinatosha. Kisha mwaga tangi la maji, weka gari juu ya vyuma imara au magogo ili tairi ziguse ardhi kidogo tu, na zifunike kwa magunia upande wa jua. Kama huwezi kuliinua, lisogeze kila mwezi mpaka gurudumu lizunguke nusu duara. Mvua zikiisha, jaza upepo kabla hujagusa ufunguo.