Shangazi, kozi ya Udruidi ni uchawi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi, Mwanglikana, na ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Wiltshire, Uingereza. Mwenzangu wa zamu ya usiku anafuata Udruidi, naye ananishawishi nichukue kozi ya utangulizi ambayo masomo yake huja kwa posta kila mwezi. Anasema ndiyo dini ya kale ya nchi hii, na kwamba Madruidi ndio waliojenga Stonehenge, lile duara la mawe makubwa la kale hapa Wiltshire. Nilipomsimulia habari za kaya za Wamijikenda, yaani misitu yetu mitakatifu, alifurahi sana, akasema ni kitu kimoja. Mama nilipompigia simu akaniambia huo ni uchawi, nisithubutu. Mimi napenda miti, na shuleni nilikuwa natunga mashairi. Je, ni uchawi? Ni ya kale kweli? Nitalazimika kuliacha kanisa?
Mtunza wazee, Wiltshire

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na Stonehenge, maana hapo ndipo utakapoipima kozi yoyote utakayopewa. Yale mawe makubwa yalisimamishwa kama mwaka 2500 kabla ya Kristo. Waandishi wa Ugiriki na Roma wanaanza kuwataja Madruidi zaidi ya miaka 2000 baadaye. Waliowaunganisha na mawe hayo ni John Aubrey katika karne ya 17, kisha William Stukeley aliyechapisha kitabu chake mwaka 1740. Mwenzako hakudanganyi kwa kusudi. Amepokea maneno ambayo watu wa huko wameyarudia kwa karne tatu. Lakini mwalimu anayechukua pesa zako hana ruhusa ya kuyarudia tu bila kuyachunguza. Ukikuta somo la kwanza linasema Madruidi walijenga Stonehenge, funga bahasha, uirudishe.

Tunayoyajua juu ya Madruidi wa kale ni machache, na yaliandikwa na wageni, wengine wao maadui. Julius Caesar anasema walikuwa makuhani na waamuzi huko Gaul, Ufaransa ya leo, na kwamba baadhi ya wanafunzi walikaa masomoni hata miaka 20 wakihifadhi beti, kwa kuwa mafundisho hayo yalikuwa mwiko kuandikwa. Kanzu nyeupe na mundu wa dhahabu chini ya mwaloni tumevipata kwa Pliny, mwandishi wa Roma. Kisha, kama mwaka 60 baada ya Kristo, jeshi la Roma likavuka kwenda kisiwa cha Anglesey huko Wales, likawaua watu na kufyeka misitu yao mitakatifu. Ireland haikutawaliwa na Roma, huko walidumu mpaka Ukristo ulipoenea. Mimi ninayependa mashairi jambo hili huniuma: elimu ya miaka 20 iliyokaa vifuani mwa watu, na leo hakuna hata ubeti mmoja tunaoweza kuuonyesha tukasema kwa yakini huu ni wao.

Kwa hiyo, juu ya kaya, simuungi mkono mwenzako. Kaya zenu zina wazee wake, zina makaburi, zina miiko ya kukata mti iliyopokewa na mtoto kwa baba na babu. UNESCO ilipoziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008, wenyewe walikuwapo kuzisemea. Udruidi wa leo ni wa watu ambao mnyororo wao ulikatika, wakaamua kufua mwingine. Sisemi kwa kuwadharau. Mtu aliyepoteza kitu namna hiyo, akakaa chini kutafuta tena adabu mbele ya mti na mto, namheshimu sana. Ila asiseme ni kitu kimoja na kile ambacho hakikukatika.

Na katika kufua huko palikuwa na udanganyifu. Mwaka 1792, kwenye kilima cha Primrose Hill mjini London, mshairi wa Kiwelisi Iolo Morganwg aliwakusanya watu katika duara la mawe akasema anahuisha baraza la kale la washairi. Mengi aliyoyatoa aliyatunga mwenyewe. Lakini baraza hilo, Gorsedd, lipo hadi leo katika tamasha kuu la taifa la Wales, ambako mshairi bora hukalishwa kitini mbele ya umma. Hebu fikiri, nchi inayomkalisha mshairi kitini! Mweleze mama na hili: mwaka 2002 Rowan Williams, alipokaribia kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mkuu wa Waanglikana wenu, alipokewa katika baraza hilo akiwa amevaa joho jeupe. Wakristo wengine walilalamika kwamba ni upagani. Gorsedd ni heshima ya lugha na ushairi, si dini, na ni tofauti na hiyo kozi unayoitiwa, ila naona utaelewa kwa nini watu huvichanganya.

Kozi ya posta inayojulikana zaidi ni ya jumuiya ya Order of Bards, Ovates and Druids, iliyoanzishwa na Ross Nichols mwaka 1964. Ina madaraja matatu, na la kwanza ni la malenga, lisilopungua mwaka mmoja. Nilipokuwa naishi Bristol nililisoma hilo kwa ajili ya ushairi. Unapewa visa vya kale vya Wales na Ireland, unakaa kimya ukijenga moyoni kichaka chako cha faragha, unatunga, na una mkufunzi wa kumwandikia. Unafuata pia sikukuu nane za mwaka: siku ndefu kuliko zote mwezi wa Juni, fupi kuliko zote mwezi wa Desemba, siku mbili za usiku na mchana kulingana, na nne za katikati, kama Samhain ya mwisho wa Oktoba ambapo wafu hukumbukwa. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, jua kwetu huchomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, ile Desemba ya Uingereza yenye giza tangu saa kumi alasiri hutuvunja moyo. Masomo yale yalinifundisha kuitazama badala ya kuingoja ipite. Nilikuwa na mwaloni wangu mmoja bustanini, nikiuendea hata kwenye theluji.

Uchawi anaouogopa mama ni kumdhuru mtu kwa siri. Huo sikuukuta. Ibada zao huanza kwa mtu kugeukia pande nne za dunia akiutakia amani kila upande.

Kanisa hawatakutaka uliache. Wamo Wakristo miongoni mwao, na sala yao maarufu, aliyoitunga yule yule Iolo, huanza kwa kumwomba Mungu ulinzi, ingawa wengi leo hubadilisha jina hilo. Lakini isome kabla hujaitamka. Mwanzoni kuna sherehe ya kuingia daraja, ya kufanya peke yako nyumbani. Mimi Mwislamu sikuifanya. Nilichukua elimu, ibada nikawaachia wenyewe. Wewe ukiona mstari unakukwama kooni, uruke, na umwandikie mkufunzi kwa nini umeuruka. Uliza pia kozi ni ya jumuiya ipi. Ile ya Marekani iliyoanzishwa na Isaac Bonewits mwaka 1983, Ár nDraíocht Féin, ni ibada ya miungu mingi waziwazi, yenye sadaka kwa miungu hiyo. Kwa Mwanglikana anayetaka kubaki Mwanglikana, hiyo siyo.

Ada usiilipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Omba somo la kwanza ulisome na mama akiwa kwenye simu, umtafsirie kifungu kwa kifungu. Akikataa baada ya kusikia, mheshimu, usimfiche kitu, na mashairi uanze kuyatunga hata bila kozi. Ukiandika kwa Kigiriama, niletee. Ukurasa huu una nafasi.