Kabla ya barua ya ushirikiano, peleka gunia la vyuma

Nilipoenda atachimenti, yaani mafunzo ya chuo kazini, nilikaa miezi mitatu katika kampuni moja hapa Kisumu nikifagia na kuchemsha chai. Siku ya mwisho karani alipiga muhuri kurasa zote za logibuku, daftari la kazi za kila siku, kwa mkupuo. Mwalimu wangu alifika wiki hiyo hiyo, akasaini, akaondoka. Chuo na kampuni walikuwa na mkataba, nami nikarudi nyumbani bila ujuzi.

Sasa nina karakana ya kuchomelea vyuma hapa Kibuye, Kisumu, na kila muhula napokea vijana wawili wa chuo. Mwanzoni nilikuwa nikilalamika kama wenzangu kwamba hawa hawajui kitu. Kisha siku moja nikamtazama msichana mmoja akiunga fremu ya dirisha. Mkono umetulia kabisa, ila bomba linatoboka kila anapogusa. Nikamuuliza, chuoni huwa mnachomelea nini?

"Bamba la milimita 10, mzee."

Milango na madirisha yetu ni bomba la mraba la geji 16, unene wa milimita moja na nusu hivi. Binti wa watu hakuwa mzembe, hajawahi tu kupewa chuma chembamba. Nikapunguza moto wa mashine, nikampa rodi ya milimita 2.5, nikamwambia asikilize: ikilia kama omena kwenye mafuta, endelea, ikinguruma, inatoboa. Kufikia saa saba mchana alikuwa ameziba matundu yote mwenyewe.

Ijumaa nikajaza mabaki ya mabomba kwenye gunia, nikapakia tuktuk hadi chuoni, nikamwomba mwalimu wake awape wanafunzi wafanyie mazoezi. Jumamosi mwalimu akaja na ovaroli yake, akashinda nasi kutwa. Hakuna aliyeandika barua.

Walimu, nawasihi msije wiki ya mwisho. Njooni wiki ya pili, kosa likiwa bado linarekebishika, na mzungumze na fundi anayekaa na mwanafunzi, si meneja peke yake.

Nanyi wenye karakana, mchagueni fundi mmoja wa kumlea kijana na mmpunguzie kazi, kwa sababu kufundisha kunakula muda. Ulizeni chuo habari ya bima kabla kijana hajagusa mashine. Mpeni helmeti ya kuchomelea iliyo nzima. Anayelala na macho yanayowasha kama yametiwa mchanga harudi kesho kwa moyo. Chakula cha mchana pia. Wengine hutoka Ahero na nauli tu mfukoni.

Kwa wale waliojifunzia kwenye karakana za jua kali bila cheti, waandikisheni mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, waanze na gredi ya tatu. NITA wana kituo hapa hapa Kisumu, na kampuni zinazolipa ile tozo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi tayari zinawachangia. Nendeni mkaulize.

Yule msichana nilimwajiri. Gunia la muhula huu amelijaza yeye.