Usinunue hiyo poda, kapime damu kwanza

Hapana. Rudisha hiyo hela mfukoni.

Umeandika una wiki ya sita hugusi nyama, samaki wala maharage, unashindia chai ya rangi na chapati, unalia bila sababu, watoto wakikuita unawafokea, na muuza poda ya kusafisha mwili wa kwenye grupu la WhatsApp anasema "sumu zinatoka". Halafu unauliza kama ndizi na chokoleti zinaleta furaha. Mdogo wangu, maneno hayo hayo ya sumu niliambiwa mimi mwaka 2021 na muuza poda wangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nimepewa sare za harusi, vitambaa 12 vya kitenge. Nikishika mkasi mikono mizito, nikipanda ngazi tano moyo unaenda mbio, na huzuni imenikaa kifuani kama nimefiwa. Nikawa natafuna mchele mbichi, kiganja baada ya kiganja, nauona mtamu. Kumweleza yule muuzaji, akanijibu: "Vumilia, nyama ndiyo inaleta hasira, ongeza kopo la tatu." Kopo 60,000! Kama nyama ingeleta hasira, kwenye mishikaki pangepigwa ngumi kila jioni. Nami nikaongeza. Wiki 2 kabla ya harusi nikavirudisha vitambaa vyote 12, havijaguswa mkasi. Mama wa bwana harusi hajakanyaga tena kibandani kwangu. Na mume wangu nilimtamkia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka usiku, usingizi unakata. Yule mtu alijua anauza nini? Alikuwa anakula hela zangu huku mimi nakauka!

Zahanati, nesi alinivuta kope la chini akamwita mwenzake aje aone. Ndani peupe. Wingi wa damu 7.4, na mwanamke asiye mjamzito haitakiwi ishuke chini ya 12. Akanieleza kwamba ubongo unahitaji madini ya chuma kutengeneza kemikali za furaha na utulivu, na kwamba ile chai niliyokuwa nashushia chakula ilizuia hata chuma kidogo cha kwenye mchicha. Mchele mbichi nao ni dalili, sawa na kutamani udongo au barafu.

Nikapewa vidonge vya kuongeza damu (choo kinakuwa cheusi, usishtuke). Nikarudia dagaa, maharage, maini, mchicha nikiukamulia ndimu. Chai nikaisogeza, saa moja au mbili mbali na sahani. Wiki ya nne hivi binti yangu akaniambia, "Mama, leo unaimba." Nilikuwa nashona, wala sikujijua.

Si kila huzuni ni damu. Lakini kapime wingi wa damu kabla ya kopo lolote, kabla hata ya vidonge. Ni kuchomwa kidole tu. Na leo mchana kula maharage, hiyo chai iache jikoni. Ya chokoleti tutaongea ukishaniletea namba yako ya damu hapa.